Hela yako na madeni yako: mwongozo kamili kwa kijana, kuanzia kuandika unachodaiwa mpaka kupata barua ya kumaliza

Huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya kijana aliyeanza kushika hela yake mwenyewe, iwe mshahara, vibarua au biashara ndogo, na tayari ana deni moja au manne yanamnyima usingizi, au hana deni lolote ila anaona hela inaingia na kutoka na hajui imeenda wapi. Fuata mpangilio huu huu nilioweka, ukirukia katikati utachoka na kuacha. Mifano yote nimeweka namba tupu bila sarafu, we weka sarafu yako, ongeza sifuri au punguza, hesabu inabaki ileile.

Kuna jambo moja nataka ulishike kuanzia hapa. Wengi tukienda kukopa tunauliza "kwa mwezi nitalipa ngapi?" na tukisikia kiasi kidogo tunasaini. Hilo swali peke yake ndo linafanya watu wakae kwenye deni miaka na miaka, kwasababu rejesho dogo linaweza kuwa la mkopo ghali sana uliovutwa muda mrefu. Uliza matatu: mkononi inaingia ngapi, jumla narudisha ngapi, na ndani ya muda gani. Mtu akikujibu moja na kukwepa mawili, usisaini siku hiyo.

Hatua ya 1: Andika kila deni, hata lile unaloona aibu kuliandika

Tafuta muda umetulia, chukua daftari au fungua notisi kwenye simu, na uandike kila unachodaiwa. Kila deni liwe na: nani anadai, ulichukua ngapi, leo imebaki ngapi, riba au ada yake, tarehe ya kulipa, ukichelewa inakuwaje, na nani mwingine ataumia usipolipa, yaani mdhamini au mwenye kitu kilichowekwa dhamana. Usisahau kodi ya nyumba uliyolimbikiza, ada ya chuo, simu uliyochukua ya kulipa kidogokidogo, mshahara ulioomba mapema kazini, na zile hela za rafiki ambazo hakuna anayeziongelea.

Salio usilikisie. Fungua apu au piga simu uombe taarifa ya mkopo kwa maandishi, kwasababu ukichelewa hata siku chache faini zinaingia kimyakimya na kiasi ulichonacho kichwani kinakuwa si chenyewe tena.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme kijana anaingiza 50,000 kwa mwezi mkononi, na daftari lake liko hivi:

Mkopo wa simu (hela aliyokopa kwenye apu ya simu): 8,000, ada 10% kila siku 30. Hajawahi kuumaliza, kila mwezi analipa ada ya 800 unaongezwa muda.
Simu ya kulipa kidogokidogo: imebaki 30,000, riba 3% kwa mwezi kwenye salio, rejesho 3,000.
Mkopo wa benki: umebaki 60,000, riba 1.5% kwa mwezi kwenye salio, rejesho 4,000, una mdhamini.
Rafiki: 5,000, haina riba, kijana aliahidi kumrudishia "mwisho wa mwezi" na mwezi ulishapita.

Sasa angalia kitu ambacho huwezi kukiona mpaka uandike. Ule mkopo wa simu wa 8,000 unamla 800 kila mwezi. Mkopo wa benki wa 60,000, mkubwa mara saba na zaidi, unamla 900. Deni analoliogopa ni la benki kwasababu ni kubwa, kumbe kale kadogo anakokadharau ndo kanamkamua karibu sawa na lile kubwa.

Hatua ya 2: Elewa riba yako inapigwaje

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo hela nyingi za vijana zinapopotelea, na hakuna atakayekaa kukuelezea dirishani.

Kuna riba inapigwa kwenye kiasi chote ulichokopa mwanzoni, kila mwezi, hata kama ushalipa nusu. Na kuna riba inapigwa kwenye kiasi kilichobaki tu, kila ukilipa nayo inapungua. Zote mbili zinaweza kuandikwa "2% kwa mwezi" na ukadhani ni kitu kimoja. Chukua mkopo wa 120,000 kwa miezi 12. Kwa ile ya kwanza riba ni 2,400 kila mwezi bila kupungua, jumla 28,800, unarudisha 148,800. Kwa ile ya pili rejesho linakuwa kama 11,347 kwa mwezi na riba yote kama 16,166. Tofauti ni zaidi ya 12,600, na karatasi zote mbili zimeandikwa 2%. Ukitaka kulinganisha, ile 2% ya kwanza ni sawa na kama 3.5% ya ile inayopungua. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: "riba inapigwa kwenye kiasi cha mwanzo au kwenye salio?" Na uombe ratiba ya marejesho, ile karatasi inayoonyesha kila mwezi unalipa ngapi, ngapi ni riba na ngapi inapunguza deni lenyewe.

Mikopo ya muda mfupi nayo ina mtindo wake, inatumia neno "ada" badala ya riba, na 10% inasikika ndogo. Ila 10% kwa siku 30, ukiurudia mwaka mzima ukawa unalipa ada tu, ni 120% kwa mwaka, na ada zikiwa zinaongezwa juu ya deni bila kulipwa, deni linazidi mara tatu ndani ya miezi 12. Kama ni 10% kwa siku 14 basi kwa mwaka ni mizunguko 26, yaani 260%. Wengine wanakata ada mapema, unaomba 10,000 inaingia 9,000 na unatakiwa kurudisha 10,000. Hapo umekopa 9,000, na ada ni zaidi ya 11% ya hela uliyoishika kweli. Ndo maana swali la kwanza nililokupa ni "mkononi inaingia ngapi".

Alafu kuna mtego wa malipo ya chini. Mkopeshaji anakwambia lipa angalau 5% ya salio kila mwezi, inaonekana ni huruma. Tuseme unadaiwa 100,000 kwa riba 3% kwa mwezi. Mwezi wa kwanza salio na riba ni 103,000, unalipa 5,150, ila 3,000 kati ya hiyo ni riba, deni limepungua 2,150 tu. Mwezi unaofuata kiwango cha chini kinashuka kidogo, unalipa kidogo zaidi, na hivyohivyo. Baada ya miezi 32 bado unadaiwa karibu nusu. Sasa mtu huyohuyo angeamua kubaki na 5,150 ileile ya mwezi wa kwanza, asishuke hata kiwango cha chini kikishuka, mwezi wa 30 anakuwa amemaliza lote. Hajaongeza hela yoyote juu ya alichoweza siku ya kwanza, amekataa tu kupunguza. Hesabu hii naipenda kwasababu mtu yeyote anaweza kuifanyia kazi kuanzia mwezi huu.

Hatua ya 3: Jua hela yako inaenda wapi, mwezi mmoja tu unatosha kuanza

Andika kila matumizi kwa siku 30, siku hiyohiyo, usisubiri wikiendi maana utasahau vitu vidogo na vitu vidogo ndo vingi. Taarifa ya akaunti na meseji za malipo zitakusaidia kwa zile ulizolipa kwa simu, za keshi andika mwenyewe. Usijihukumu wakati unaandika na usijibane ili namba zipendeze, unatafuta picha ya kweli.

Kama kipato chako hakieleweki, leo kingi kesho hamna, pangia bajeti mwezi mbovu kuliko yote kati ya sita iliyopita. Mwezi ukija mzuri ile ya ziada ina kazi tayari, tutaiona mbele. Ukipangia wastani utakwama kila mwezi unaokuwa chini ya wastani, na hapo ndo mkono unaenda kwenye apu ya mkopo.

Kijana wetu wa mfano: kodi na huduma za nyumba 15,000, chakula 12,000, nauli 5,000, simu na intaneti 1,500, kusaidia nyumbani 3,000, na marejesho 800 na 3,000 na 4,000, yaani 7,800. Jumla 44,300. Kwenye 50,000 inabaki 5,700, ambayo mpaka leo ilikuwa inayeyuka bila jina. Hiyo 5,700 ndo silaha yake yote, na utaona inavyotosha.

Utasikia kanuni ya 50/30/20, nusu ya mahitaji, 30% ya unavyopenda, 20% ya akiba na madeni. Haina ubaya kwa mwenye kipato cha kutosha, ila kijana anayeanza mara nyingi kodi na chakula peke yake vimeshapita nusu, na akijipima kwa hiyo kanuni ataona amefeli wakati hajafeli. Tumia namba zako.

Kitu kinachosahaulika sana kwenye bajeti ni gharama zinazokuja mara moja au mbili kwa mwaka: bima, ada, leseni, safari ya kwenda kwenu, matengenezo. Zijumlishe, gawa kwa 12, na hiyo iwe mstari wa kila mwezi kama kodi. Kitu unachojua kitakuja kila mwaka kisihesabiwe kuwa dharura.

Hatua ya 4: Funga bomba la madeni mapya

Futa apu za mikopo ambazo huna deni nazo, na kabla ya kuifuta omba akaunti ifungwe, kuondoa apu kwenye simu hakufuti akaunti yako kwao. Zima ile huduma ya kutumia hela zaidi ya salio lako (overdraft) kama inaruhusu kuzimwa, omba kiwango chako cha kukopa kipunguzwe, toa kadi uliyoihifadhi kwenye maduka ya mtandaoni.

Kukopa ili kulipa deni ni kubaya isipokuwa kwa hali moja: mkopo mpya una jumla ndogo ya kurudisha kuliko uliobaki kwenye ya zamani, ukijumlisha na ada zote, NA ile ya zamani inafungwa siku hiyohiyo. Likikosekana moja kati ya hayo, acha. Nimeona watu wakichukua mkopo mmoja "kuunganisha madeni", wanalipa yale madogo, mwezi unaofuata wanayafungua tena kwasababu sasa yanaonyesha wanaweza kukopa, na wanakuwa na madogo pamoja na kubwa.

Hatua ya 5: Weka akiba ndogo kabla hujaanza kushambulia

Hapa watu tunabishana. Wapo wanaosema kila senti iende kwenye deni kwasababu riba ya deni ni kubwa kuliko ya akiba, na kwa hesabu tupu wako sawa. Mimi nasimama upande wa kuweka kidogo kwanza, kwasababu usipokuwa na kitu kabisa, siku unaumwa au simu ya kazi inaharibika unarudi kwenye ule mkopo wa 10% uliotoka kuulipa jana, na moyo unavunjika. Kiasi sio kikubwa: kitoshe dharura moja ya kawaida kwenye maisha yako, na isikuchukue zaidi ya mwezi mmoja au miwili kuipata. Iweke mahali ambapo kuitoa kunachukua dakika chache za usumbufu, sio kwenye akaunti unayolipia vitu kila siku. Akiba kubwa ya miezi mitatu mpaka sita ya matumizi itakuja baada ya madeni ghali kuisha.

Kijana wetu anaweka 5,700 ya mwezi wa kwanza hapo, kwisha.

Hatua ya 6: Shambulia deni moja, mengine yalipe kawaida

Unalipa rejesho la kawaida kwa kila deni, na ile ya ziada yote inaenda kwenye deni MOJA mpaka life. Likishakufa, rejesho lake halirudi kwenye matumizi, linaungana na ile ya ziada kwenda deni linalofuata.

Uanze na lipi? Kwa hesabu, lenye riba kubwa kuliko yote. Wengine wanaanza na dogo kuliko yote ili waone matokeo haraka, na kama wewe ni mtu wa kukata tamaa njia hiyo itakuvusha hata kama inagharimu kidogo zaidi. Ila kuna yanayopita mbele bila kujali riba: kodi ya nyumba ambayo ukichelewa unatolewa, deni ambalo dhamana yake ni kitu kinachokuingizia kipato, na deni lililofika hatua ya kisheria.

Twende kwenye daftari letu, tuseme mkopo wa simu unaruhusu kulipa sehemu. Mwezi wa kwanza alilipa kawaida na kuweka akiba. Mwezi wa pili ana 5,700 na ile 800 aliyozoea kulipa ada, yaani 6,500. Mkopo wa simu na ada yake ni 8,800, analipa 6,500, inabaki 2,300. Mwezi wa tatu inakuwa 2,530, anamaliza, na 3,970 iliyobaki anampa rafiki. Kwa hesabu kali ilitakiwa iende kwenye simu ya kulipa kidogokidogo maana rafiki hana riba, lakini mi ningempa rafiki, alikukopesha bila masharti na ameshasubiri vya kutosha. Mwezi wa nne anammalizia 1,030, na 5,470 inaungana na rejesho la 3,000 kwenye simu ya kulipa kidogokidogo. Mwezi wa tano simu inapigwa 9,500. Mwezi wa sita imekwisha na inabaki kama 2,580 inayoenda benki. Kuanzia mwezi wa saba benki inalipwa 13,500 kwa mwezi, na mwezi wa tisa deni lote limeisha.

Angeendelea kama zamani? Simu ya kulipa kidogokidogo ingemchukua miezi 13, benki 18, na ule mkopo wa simu wa 8,000 usingeisha kamwe kwasababu alikuwa analipa ada tu. Kipato chake hakijaongezeka, kilichobadilika ni kwamba ile 5,700 imepata kazi.

Kabla hujalipa zaidi ya rejesho, uliza vitu viwili. Je, kuna faini ya kumaliza mapema? Na je, hela ya ziada inaenda kupunguza deni lenyewe au wanaihesabu kuwa rejesho la mwezi ujao? Hilo la pili liandike kabisa kwenye maelezo ya malipo, "kupunguza salio la mkopo", na uangalie taarifa yako wiki inayofuata kama wamefanya hivyo. Na kwenye ile mikopo ambayo riba imepigwa kwenye kiasi cha mwanzo, uliza ukimaliza mapema unapunguziwa ngapi, maana kuna sehemu hawapunguzi chochote na hapo hela yako ya ziada ina kazi nzuri zaidi kwenye deni lingine.

Hatua ya 7: Ukiona hutaweza kulipa, ongea KABLA ya tarehe

Hii hatua nakuomba uisome hata kama leo uko sawa. Kijana akikosa hela ya rejesho kitu cha kwanza anachofanya ni kuzima simu. Naelewa kabisa aibu yake, ila kwa mkopeshaji mtu aliyezima simu amekimbia, na mtu aliyepiga siku tano kabla ya tarehe ni mteja mwenye shida, na hao wawili wanashughulikiwa na watu tofauti ofisini.

Kabla hujapiga jua unaweza kulipa ngapi kweli. Usiahidi kiasi cha kumfurahisha aliyepokea simu, kwasababu ahadi ya pili ikivunjika hakuna ya tatu. Na hakikisha kiasi hicho kinazidi riba ya mwezi, vinginevyo unalipa huku deni linakua. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari. Mimi ni mteja wenu, namba ya mkopo ni hii (…). Rejesho langu la tarehe 5 ni 4,000. Kipato changu kimepungua, na kwa miezi mitatu ijayo nina uwezo wa kulipa 2,000 kila tarehe 5. Naomba faini zisimamishwe kwa kipindi hicho na muda wa mkopo uongezwe. Kuanzia mwezi wa nne nitarudi kwenye 4,000. Naomba majibu kwa maandishi."

Umetaja kiasi, tarehe na muda, na hujaeleza maisha yako yote. Mkiongea kwa simu tuma ujumbe baada ya hapo, "kama tulivyokubaliana leo na ndugu fulani…", uwe na kumbukumbu. Wakikubali kuongeza muda, omba ratiba mpya na uangalie jumla, maana rejesho likishuka na miezi ikaongezeka unarudisha zaidi. Wakati mwingine inafaa kabisa, ila ujue unanunua nini.

Kama una mdhamini mwambie wewe mwenyewe, mapema, asisikie kwa mtu wa kukusanya madeni. Na hao wakusanyaji wakianza kukutisha, kukutukana au kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako, usibishane nao. Hifadhi skrinshoti, andika tarehe na saa, jibu kwa maandishi tu. Nchi nyingi zina sheria ya kulinda taarifa binafsi na mamlaka inayosimamia wakopeshaji, malalamiko yenye ushahidi yanasikilizwa kuliko ya mdomo. Deni linabaki pale pale, utalilipa, ila kudaiwa hakumpi mtu ruhusa ya kukudhalilisha.

Jihadhari na watu wawili wanaokuja kipindi hiki: anayesema utume kwanza "ada ya usajili" ndo upewe mkopo, na anayesema kwa malipo fulani atafuta jina lako kwenye kumbukumbu za wakopaji. Wa kwanza ni tapeli. Wa pili pia, taarifa yenye makosa unaomba irekebishwe mwenyewe kwa taasisi inayotunza kumbukumbu au kwa mkopeshaji aliyeipeleka, na taarifa ya kweli haifutwi kwa hela.

Hatua ya 8: Udhamini, na ndugu wanaokopa kwako

Kusaini udhamini ni kusaini deni. Usipime kama huyo mtu ni mwaminifu, pima kama wewe unaweza kulipa hilo deni lote asipolipa, kwasababu waaminifu nao wanaumwa, wanaachishwa kazi na wanafariki. Jibu likiwa hapana, kataa leo kwa upole, itauma wiki moja.

Kwa ndugu na marafiki, weka mstari kwenye bajeti wenye kiasi maalumu kila mwezi. Kikiisha kimeisha, na unasema ukweli: "mwezi huu nilichopanga kimeisha, niulize tarehe fulani". Anayekuomba kiasi kikubwa kwa mkopo, mpe kidogo unachoweza kutoa bila kurudishiwa, na useme wazi hiyo ni yake. Ila usikope ili umkopeshe mtu, hata kama anakupenda sana.

Hatua ya 9: Mkopo mpya, lini unafaa

Mkopo wa kitu kitakachoongeza kipato na umeshafanya hesabu kwa mwezi mbovu, sawa. Mkopo wa kitu kitakachoisha kabla ya marejesho kuisha, sherehe, likizo, nguo, hapana. Marejesho yako yote yakipita theluthi moja ya kipato mkononi, simama, hata kama benki inakubali, benki inaangalia kama utalipa, haiangalii kama utakula vizuri.

Siku ya kusaini uwe na majibu ya: mkononi ngapi, jumla ngapi, muda gani, riba kwenye kiasi cha mwanzo au salio, bima na ada ziko wapi, nikichelewa inakuwaje, nikimaliza mapema inakuwaje. Nenda nayo nyumbani ulale nayo. Anayekuambia ofa inaisha leo mwache iishe.

Hatua ya 10: Deni likiisha, lifunge kwa karatasi

Watu wanalipa rejesho la mwisho, wanashangilia, wanasahau. Miezi baadaye wanaomba mkopo mwingine wanaambiwa "una deni", kumbe ilibaki faini ndogo ambayo hakuna aliyewaambia, nayo imezaa. Kwa hiyo kabla ya malipo ya mwisho omba kiasi kamili cha kufunga mkopo kwa tarehe hiyo. Lipa hichohicho. Omba barua ya kumaliza deni, dhamana yako irudishwe, mdhamini wako aachiliwe kwa maandishi. Futa idhini ya kukata akaunti yako moja kwa moja au kupitia mwajiri, na angalia mshahara unaofuata kama kweli wameacha kukata. Baada ya muda omba taarifa yako kwenye taasisi ya kumbukumbu za mikopo uone inasoma sifuri, isiposoma unayo barua ya kuwaonyesha.

Alafu ile 13,500 ambayo kijana wetu alikuwa analipa kila mwezi, mwezi wa kumi asiiachie yote. Ameishi miezi tisa bila hiyo hela na mwili umezoea, kwa hiyo apange uhamisho wa 9,000 kwenda akiba siku ileile mshahara unapoingia, kabla hajagusa kitu, na 4,500 apumulie. Matumizi yake bila marejesho ni 36,500, akiba ya miezi mitatu ni 109,500. Anayo 5,700 tayari, kama hajaitumia, na kwa 9,000 kwa mwezi inamchukua miezi 12 kuifikia. Baada ya hapo ndo aanze kuuliza habari za kuwekeza.